Uyoga wa Maziwa na Haboba Aliyeungoja

Haboba alikuwa akitazama miguu yako kwanza. Ukifika uani kwake umejiandaa kusalimia, yeye ameshainamisha macho, anasoma viatu, vidole, upindo wa suruali. Ndipo anajibu salamu. "Umepita kwa bonde," alikuwa akisema. "Matope nyeusi hii haiko huku juu." Au: "Wewe hapana toka shamba. Ulikuwa umekaa tu." Kwangu hakuwahi kukosea, na ndiyo sababu mwaka ule wa matofali nilikuwa nikinawa miguu kisimani kabla ya kupita mbele ya nyumba yake.

Haboba si jina. Ni neno la Kinubi, maana yake bibi, na upande ule wote wa Koboko tulimwita hivyo, Waislamu na Wakristo, hata wazee waliokaribia umri wake. Jina lake lilitajwa siku ya mazishi, nikaona watu wakitazamana kwa sababu walikuwa hawajawahi kulisikia. Siku hiyo watu walisema mazuri juu yake, na wachache wakasema mazuri juu yangu pia, kwamba nilimtunza kama mama yangu mzazi. Nilinyamaza. Nimeandika haya kwa sababu ya kunyamaza kule. Sikusoma sana. Nilifika darasa la saba pale Ediofe, karibu na mji wa Arua, nikikaa kwa shangazi yangu, halafu nikarudi nyumbani kulima. Kwa hiyo nitaandika mambo kama yanavyonijia.

Alikuwa mchuma uyoga. Wengine pia walichuma, ule uyoga wa kwenye vichuguu unaotoka kwa wingi na kuuzwa kwenye mabeseni kando ya barabara. Yeye aliuchuma huo pia, lakini hakuuhesabu kuwa kazi. "Huo hata mbuzi anaweza kupata," alisema. Kazi yake ilikuwa uyoga wa maziwa.

Uyoga wa maziwa ulitoka mahali pamoja tu, kwenye kipande cha msitu mteremkoni, katika ardhi ya baba yangu. Si msitu mkubwa. Ukisimama upande mmoja ukapiga kelele, mtu wa upande wa pili anakusikia. Miti yake sisi tuliiita miti ya maganda, kwa sababu wakati wa kiangazi maganda yake bapa hupasuka juani kwa mlio kama mtu anayevunja vidole. Mvua zikishakolea, mahindi yakifika magotini, chini ya miti ile ulitoka uyoga wenye kofia ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiuvunja, unatoa matone meupe mazito. Haboba hakuyaamini papo hapo. Aliuvunja mmoja ukingoni, akauweka juu ya goti, akangoja. Maziwa yakigeuka kuwa mekundu kama kutu, alisema, "Ni yeye." Yasipogeuka, aliutupa mbali na kunawa mikono hadi viwiko.

Zamani, alisema, uliupata kwenye vilima vinne au vitano. Miti ya kilima kimoja iliisha kwa kukausha tumbaku. Ya kingine ilikwenda Arua ikiwa mkaa kwenye magunia. Mingine ilikatwa nguzo za nyumba, mingine ilichoma matofali ya shule na makanisa na misikiti. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuua uyoga. Watu walitaka kupika chakula na kulala mahali pasipovuja. Miti ilipokwenda, nao ukaenda, ukabaki kwetu tu.

Baba yangu alipokuwa mgonjwa aliniambia, "Ardhi ile ni yako. Msitu ni wa Haboba. Akiwa hai, usiweke panga pale." Nilisema ndiyo, baba.

Alikuwa na namna yake ya kuchuma. Hakutumia mfuko wa plastiki hata siku moja. Alikuwa na kikapu cha majani alichosuka mwenyewe, kimelegea, chenye matundu, hata tukamcheka kwamba macho yamemshinda kusuka. Akishachuma hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka katikati ya miti kama mtu aliyepoteza kitu, huku akikitikisa kikapu taratibu.

"Haboba, umepotea?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe ndio umepotea. Mimi napanda."

"Unapanda nini? Hakuna mbegu."

"Uliona mbegu ya moshi? Na moshi inafika mpaka kwa pua yako. Acha idondoke."

Uyoga mdogo, ambao kofia yake bado imejikunja, hakuugusa. Aliufunika na majani akasema, "Huyu analala bado." Na alikataza jembe kabisa. Mtu akionekana na jembe mle ndani alimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, ya jeshini.

Mume wake alikuwa askari, alikufa zamani, na Haboba alikuwa na mambo mawili yasiyopatana juu ya jeshi. Hakutaka kuona gwanda uani kwake. Mjukuu wake alipata kazi ya ulinzi kwenye duka moja Arua, akaja kumsalimia na sare yake mpya, Haboba akamsimamisha penye ua: "Vua. Hiyo shati ibaki nje na mbwa." Mtu mzima akaingia kifua wazi kusalimia bibi yake. Lakini jioni kuku walipoingia bandani, Haboba alisimama mlangoni na fimbo, mgongo umenyooka kama koplo: "Moja! Mbili! Wewe mwekundu, rudi kwa mstari! Nani amekupa ruhusa?" Tulikuwa tunakwenda kutazama. Mama Simsim alisema kuku wale siku moja watapewa cheo.

Mama Simsim ni jirani mwingine. Alitoka Torit, Sudan Kusini, na watoto wake wakati wa vita, akapanga chumba karibu nasi, akaanza kuuza simsim ya kusaga, yaani ufuta. Ni Mkristo kama mimi, wa kusali kwa sauti. Yeye na Haboba waligombana kila siku na hawakuweza kukaa siku mbili bila kuonana. Uyoga wa maziwa ulipikwa na simsim yake, hakuna njia nyingine.

"Umeweka chumvi nyingi," Haboba alisema.

"Hiyo ni simsim ya Torit, mama, inajua chumvi yenyewe."

"Torit! Kila kitu mzuri iko Torit. Sasa kwa nini wewe iko hapa?"

Mama Simsim alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mtu mwingine angemwambia hivyo, angelia.

Haboba alikuwa na siri moja aliyonieleza mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili alikuwa akitazama pembeni. Mwaka waliporudi kutoka Kongo, baada ya ile miaka ya kukimbia vita, hapakuwa na chakula. Nyumba ilikuwa imeota nyasi ndani. Mvua ilikuja, uyoga ukatoka, na yeye akaingia msituni na jembe. Alifukua majani yote, akachukua wakubwa na wadogo na wale waliokuwa bado vifundo chini ya udongo. Alilisha watoto wake watatu kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata uyoga haukutoka, wala mwaka wa pili. Wa tatu ulitoka kidogo, penye kona moja. "Nilikaa chini nikalia," alisema. "Nikasema, hapana tena. Nikifa njaa, nife." Yale masharti yake yote, kikapu, majani, jembe, yalianzia hapo. Mimi nilidhani ni desturi ya wazee wa kale. Kumbe ilikuwa toba ya mtu mmoja.

Mwaka mmoja alikuja msichana anayesomea mimea huko Kampala. Alikuwa akitafuta uyoga huo, mtu alikuwa amemwonyesha picha. Alijua Kiingereza na Kiganda, kwa hiyo nilikuwa mkalimani kwa Kiingereza changu cha Ediofe. Haboba alimtazama miguu.

"Viatu mpya," akasema. "Huyu hajalala kwa msitu. Uliza yeye, kwa nini amevaa shati nyeupe?"

Nilitafsiri. Msichana akacheka, akasema ndiyo shati pekee lililokuwa safi. Haboba akampenda papo hapo; akamwingiza msituni kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Msichana alipiga magoti kwenye majani, akafukua kwa vidole tu, polepole, akaonyesha nyuzi nyeupe zilizojizungusha kwenye vimizizi vya mti. Akaniambia nimweleze Haboba kwamba uyoga huu hauwezi kuishi peke yake. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miti hii, mti unaulisha na wenyewe unaunywesha mti. Ukikata miti, uyoga unakufa, na huwezi kuupanda kwenye mti mwingine wowote ule.

"Mwambie mi najua," Haboba akasema. "Iko kama uzi ya kushona. Imeshona miti yote hii pamoja. Ukivuta hapa, kule inasikia."

Msichana aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Halafu akasema uyoga huu sasa uko miongoni mwa vitu vilivyo karibu kabisa kutoweka duniani, na pengine hakuna kipande kingine kizuri kama hiki. Nilipotafsiri, Haboba alicheka. "Dunia imejua leo?" Lakini tulipokuwa tunatoka akanivuta shati. "Amesema itaisha?"

"Amesema inaweza kuisha, Haboba."

"Mwambie hapana. Mi iko."

Msichana aliuliza ardhi ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza kama nitautunza msitu. Nikampa mkono, nikasema nitautunza. Nilikuwa namaanisha. Nasema haya ili mtu yeyote asije kunitetea kwamba sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa lugha mbili.

Kiangazi kilichofuata Haboba alianguka kisimani akavunjika nyonga. Alikaa hospitali, akarudi, hakutembea tena. Macho nayo yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Alikaa kwenye mkeka mlangoni, na dunia yake ikawa ua ule, kuku, na sisi tuliopita.

Nina kaka anayefanya kazi za kusafirisha mizigo pale mpakani Vurra. Ana nyumba ya matofali, na sakafu yake inang'aa. Alikuja na familia kupanga siku ya kumkumbuka baba, na jioni mke wake akasema watoto watalala ndani ya gari, kwa sababu nyumba ya nyasi ina wadudu. Alisema kwa upole. Kaka yangu akaenda kufungua milango ya gari. Mke wangu alikuwa ameshatandika mikeka, akaanza kuikunja mmoja mmoja, na sikuweza kumtazama. Niliamua kwamba siku ya kumkumbuka baba itafanyika kwenye nyumba ya matofali.

Udongo mzuri ulikuwa chini ya mteremko. Matofali nilifyatua mwenyewe. Ikabaki kuyachoma, na tanuru linataka magogo mazito. Ningeweza kwenda kuyatafuta mbali, kama wanavyofanya wengine. Lakini miti ya maganda ilikuwa pale pale, hatua chache juu ya tanuru. Nitaandika nilivyowaza, neno kwa neno: Haboba hatembei tena. Hatajua.

Tulikata kwa siku nne, mimi na watu wawili wenye misumeno. Tanuru liliwaka siku tatu. Siku ya pili Haboba aliniita nilipokuwa napita.

"Moshi hii ni ya mti ya maganda."

"Ni tawi lililoanguka, Haboba. Tulilichoma."

"Tawi moja inatoa moshi siku mbili?"

"Matawi. Ule upepo wa juzi."

Akainamisha macho kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimenawa. Ilikuwa safi kama ya mtu anayekwenda kanisani, na kwa jinsi macho yake yalivyokuwa sijui kama aliona hata hivyo. "Upepo," akasema. "Haya."

Nyumba ilipokwisha, Haboba aliomba kubebwa kuja kuiona. Mjukuu wake alimbeba mgongoni. Aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, kutoka dirishani mpaka kwenye mlango, akasema ni nyumba ya baridi, Mungu aijaze watoto. Aliiombea dua ndefu. Mimi niliitika amina ingawa si dini yangu, kwa sababu watu wote waliitika.

Pale mteremkoni nilipanda kalitusi. Kuna bustani ya miche kando ya barabara, walinipa miche mingi, wakafurahi kwamba kuna mtu anapanda miti. Kalitusi inakua haraka. Mwaka haukuisha vizuri, ikawa inanipita kimo. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba yangu naitazama, najiambia, haya, kuna msitu tena, mti ni mti. Chini yake hapakuota hata nyasi.

Mvua zikakolea, mahindi yakafika magotini.

"Iko?" Haboba aliniuliza.

"Bado."

"Ulitazama kona ya chini? Kwa ule mti mkubwa?"

"Nilitazama. Bado, Haboba."

Kila asubuhi aliniuliza. Ningeweza kusema ukweli siku ya kwanza, na siku ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko ya pili. Baada ya wiki tatu nilichoka kusema bado. Nilikuwa na safari ya Arua, nikanunua uyoga sokoni, uyoga mzuri mkubwa wa kichuguu, nikamletea kwenye kikapu chake mwenyewe. Alikipokea kwa mikono miwili. Aliuchukua mmoja, akaunusa, akauvunja ukingoni, akauweka juu ya goti. Akangoja. Mimi nilikuwa nimesahau jambo hilo. Nilikaa mbele yake, na sisi wawili tukangoja maziwa.

"Hakuna maziwa," akasema.

"Mvua ni kidogo mwaka huu."

Alipapasa lile goti kwa kidole, kavu. Jioni alimwambia Mama Simsim aupike, akala kidogo.

Mwaka huo huo msichana wa Kampala alirudi na afisa mmoja wa misitu, wakitaka kuweka alama ili msitu usiguswe. Walikuta kalitusi. Msichana alisimama na mfuko wake begani, akauliza nini kimetokea. Nikasema wakimbizi. Nikasema waliingia wakati nikiwa safarini, wakakata kuni, na unawajua watu wale, huwezi kuwazuia. Afisa alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulisikia hilo mara nyingi. Pengine alikuwa amelisikia mara nyingi kweli, na pengine nyuma yake mara nyingi palikuwa na mtu kama mimi. Msichana alipiga magoti, akafukua kwa vidole, akatazama, akafunika tena. Aliuliza kama anaweza kumsalimia yule mama. Nikasema yuko hospitali Arua. Alikuwa nyumbani, umbali wa kutupa jiwe.

Nilipogeuka, Mama Simsim alikuwa njiani na beseni lake kichwani. Alikuwa amesikia. Alingoja mpaka gari likaondoka.

"Wakimbizi," akasema.

"Mama Simsim, tafadhali."

"Wakimbizi ni mimi. Jina langu lingine hiyo. Mi nilikata miti yako?"

"Hapana."

"Nyumba yangu iko wapi ya matofali? Nionyeshe. Nataka kulala ndani."

Alilishusha beseni, akalipandisha tena. "Mi hapana mwambia Haboba," akasema. "Si kwa ajili yako. Mdomo wangu haitabeba kitu hiyo. Wewe utamwambia." Tangu siku hiyo aliacha kunitania, na mtu ambaye Mama Simsim hamtanii huwa anajua amekuwa nani.

Sikumwambia. Ukaja msimu mwingine, nikasema bado, mpaka hata mahindi yakavunwa. Nilimfanyia mambo mengine. Nilimchotea maji, nilimtengenezea paa, nilimpeleka zahanati kwa pikipiki huku mjukuu wake amemshika nyuma. Hayo ndiyo watu waliyoyaona.

Halafu Mama Simsim akaja kwangu asubuhi moja, akasimama nje, hakutaka kuingia. "Amefunga," akasema.

"Ramadhani haijafika."

"Najua. Amefunga siku ya tano leo. Mwili ile hakuna kitu, na amefunga. Nenda uulize yeye kwa nini. Mi nimeshauliza."

Nilikwenda. Haboba alikuwa amelala ndani kwa ubavu, karibu na ukuta. Nilimsalimia, akajua sauti. Nikamuuliza kwa nini anafunga naye ni mgonjwa.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, Haboba?"

"Uyoga. Ni mimi niliua. Ile mwaka ya jembe. Nilifikiri imesamehe, kumbe hapana. Ulileta ile ingine, ikatoka bila maziwa. Maziwa imekauka. Nilikula watoto yake, sasa na yeye amefunga titi." Alivuta pumzi. "Naomba Mungu, itoke mara moja tu. Nisiende na deni hiyo."

Nina umri wa miaka hamsini na kitu. Nimezika baba, mama na mtoto mmoja. Sijawahi kukaa mahali penye uzito kama mkeka ule. Mtu alikuwa anakufa akibeba dhambi yangu, na akaifungia swaumu, na mimi ndiye niliyemtwisha, kwa uyoga wa sokoni.

Nikamwambia. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Kwamba si yeye. Kwamba miti niliikata mimi, nikachomea matofali, na mahali pake nikapanda kalitusi. Kwamba uyoga ule niliununua Arua. Kwamba nilisema ni wakimbizi.

Nje kuku walikuwa wanaparuza.

"Kumbe moshi ile," akasema.

"Ndiyo, Haboba."

"Yote?"

"Yote."

"Hata mkubwa, ya kona ya chini?"

"Hata huo."

Nilingoja anitukane, yale ya jeshini. Ningeyapokea kwa furaha. Badala yake aligeuka, kwa shida, akakaa nusu, akaniomba maji. Akanywa. Alikuwa amefungua swaumu yake saa nne asubuhi, mbele yangu. Uso wake ulikuwa mwepesi, sijui niueleze vipi. Alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo, na bado hajaanza kumkasirikia aliyempa.

"Visiki iko?" akauliza.

Sikuelewa haraka.

"Visiki. Mti ya maganda hapana kufa ukikata. Inatoa watoto kwa kisiki. Na ile uzi iko chini, inangoja na mizizi. Visiki iko?"

Hatukuacha kisiki hata kimoja. Magogo hayakutosha, tanuru lilikuwa linapoa siku ya tatu, tukang'oa visiki vyote pamoja na mizizi, maana mzizi wa mti ule unashika moto kuliko gogo lenyewe. Kalitusi nilizipanda ndani ya mashimo yale.

"Iko," nikasema.

"Wallahi?"

"Iko, Haboba. Yote iko."

Akafumba macho. Mkono wake ukatafuta mkono wangu juu ya mkeka, ukaushika, na akaanza kunielekeza. Alizungumza polepole, kama anayempa mtu anwani. Ning'oe hizo kalitusi, zinakunywa maji yote. Machipukizi yakitoka kwenye kisiki, nisiyaache yote, nichague mawili yaliyonyooka. Niweke miiba kwa ajili ya mbuzi. Kiangazi nisimruhusu mtu kupitisha moto. Majani yakianguka, nisifagie. Jembe hapana, hata siku moja. Itachukua miaka, watoto wangu watakuwa wakubwa, lakini siku moja mvua ikikolea nipite kona ya chini nitazame.

"Sasa sema wewe," akasema. "Nisikie."

Nikayarudia. Kalitusi, machipukizi mawili, miiba, moto, majani, jembe.

"Umeruka mbuzi."

"Miiba ni ya mbuzi, Haboba."

"Sema mbuzi. Sema tena, kutoka mwanzo."

Nikasema tena, kutoka mwanzo.